Kurudisha Mng'aro wa Rangi ya Gari la Zamani: Mwongozo kwa Mafundi na Waosha Magari

Mwongozo huu ni wa fundi rangi, mwosha magari anayetaka kuongeza ujuzi, na dereva anayependa kulishughulikia gari lake mwenyewe siku ya mapumziko. Magari tunayoyazungumzia ni yale yaliyojaa barabara za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja: Toyota, Nissan, Suzuki na Subaru zilizotumika kwanza Japani, zikashushwa bandarini, zikaanza maisha ya pili kwenye jua la pwani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu kwa ushuru wa ziada, na ndiyo maana fundi wa Dar es Salaam hukutana kila siku na rangi yenye umri wa miaka 15 au 20.

Kabla hujafungua chupa yoyote, shika jambo moja: kupiga polishi ni kupunguza rangi. Gari linapong'aa baada ya kusuguliwa, linang'aa kwa sababu umeondoa tabaka jembamba la juu lililochakaa na kulifikia lililo zima chini yake. Kilichoondoka hakirudi. Fundi anayestahili kulipwa vizuri ni yule anayefikia mng'aro wa kuridhisha huku akiwa ameondoa kidogo kadiri inavyowezekana, na amemwachia mwenye gari akiba ya miaka ijayo.

Rangi ilivyopangwa

Bodi ya gari ikiwa kiwandani huchovywa yote kwenye dimbwi la praima na kupitishiwa umeme, ili praima ishike hadi kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi haifiki. Tabaka hilo lina unene wa maikroni 20 hivi. Juu yake hupigwa praima ya pili, maikroni 30 hadi 40. Kisha huja besi, ambayo ndiyo yenye rangi tunayoiona, na ni nyembamba sana: maikroni 15 hadi 20. Mwisho ni kliya, maikroni 35 hadi 50. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Kwa hiyo kliya yote unayoishughulikia ni nyembamba kuliko unywele mmoja, na hapo hatujahesabu ilivyokwisha kuliwa na polishi za miaka iliyopita.

Kliya ndiyo ngao. Dawa zinazozuia mionzi ya jua zimechanganywa ndani yake. Ikipungua kupita kiasi, jua huifikia besi, mshikamano wa matabaka hulegea, na kliya huanza kubambuka, kwanza paani na kwenye boneti, mahali panapopigwa na jua la saa sita. Gari lililosuguliwa kila mwaka kwa kompaundi, dawa ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi, na kila mara likasifiwa, mara nyingi ndilo linalokuja kuonekana na mabaka meupe paani.

Si kila gari lina kliya. Rangi za zamani zisizo na chenga za fedha, hasa nyeupe na nyekundu, nyingi zilipigwa tabaka moja tu lenye rangi na ulinzi pamoja. Rangi ya aina hii huchuja na kupauka. Ukiipitishia kidole unabaki na unga. Hii inatia moyo, kwa sababu unga ule ukishaondolewa, rangi nzima ipo chini yake na hurudi vizuri mno. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040 zilipigwa hivyo.

Namba ya rangi utaikuta kwenye kibati kilicho ndani ya sehemu ya injini au kwenye nguzo ya mlango, karibu na maandishi C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Iandike kabla ya kuanza, maana utaihitaji ukifika kwenye kujaza michubuko.

Ukaguzi

Hapa ndipo kazi inapopatia au inapoharibikia. Mafundi wengi hulipokea gari, huliosha, huwasha mashine. Tenga muda wa kulizunguka gari likiwa safi, kivulini, ukiwa na tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo na chupa ya maji. Mwenye gari awepo.

Anza na kitambaa. Weka tone la polishi laini mahali pasipoonekana, tuseme chini ya mlango, na usugue kwa mkono. Kitambaa kikipata rangi ya gari, gari halina kliya. Kikibaki cheupe au kikawa kijivu cha uchafu tu, kliya ipo. Tofauti hii inaongoza kila kitu kitakachofuata. Kwenye gari lisilo na kliya, rangi kuonekana kwenye pedi ni jambo la kawaida. Kwenye gari lenye kliya, ni dalili ya kusimamisha mashine papo hapo.

Kisha nenda kwenye mikwaruzo. Pitisha ukucha polepole kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo uko juu juu na polishi itauondoa. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na kuusugua hadi upotee ni kula kliya yote ya jirani yake. Njia ya pili ni maji. Unyunyizie: ukitoweka ukiwa na maji na kurudi unapokauka, uko ndani ya kliya tu. Ukibaki unaonekana ukiwa umelowa, umeshafika kwenye besi au praima. Rangi iliyo ndani ya mkwaruzo nayo inaeleza: nyeupe au kijivu ni praima, kahawia ni kutu.

Sumaku hutambua puti, ile inayojazwa kwenye bati lililobonyea. Funga sumaku kwa kitambaa chembamba na uipitishe kwenye madigadi na milango. Inaponata kwa udhaifu au inapoanguka, huenda kuna puti nene chini ya rangi, gari liligongwa na kunyooshwa. Lakini usihukumu haraka: bampa ni plastiki, na boneti za baadhi ya Subaru ni aluminiamu, ambayo sumaku haiishiki hata ikiwa haijawahi kuguswa.

Ukiweza, nunua kipima unene wa rangi. Ndicho chombo kinachotenganisha fundi na mbahatishaji. Kwenye bati la chuma, rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 90 na 160. Ikizidi 200, paneli ilishapigwa rangi upya. Ikipita 1000, kuna puti. Ikiwa 80 au chini yake, paneli ile imeshasuguliwa sana; iache kompaundi, ipake nta tu. Pima kila paneli sehemu kadhaa, katikati na pembeni, na uandike. Kumbuka kwamba kipimo ni cha matabaka yote kwa pamoja, na hakikwambii kliya peke yake imebaki kiasi gani.

Sasa yapo mambo ambayo polishi haiyawezi, na lazima uyaseme mapema. Kliya iliyobambuka haipolishiki. Kingo za baka huendelea kunyanyuka kila pedi inapopita, na baka hukua. Dawa ni kukwangua, kupiga msasa na kupiga rangi paneli nzima. Nyufa ndogondogo zilizo kama udongo uliokauka nazo ni vivyo hivyo. Halafu kuna tatizo la magari meupe, ambapo rangi hutoka vipande vikubwa hadi kwenye praima ya kwanza, kwa kuwa jua limeharibu mshikamano kati ya praima hiyo na matabaka ya juu. Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana nchini Marekani kwa baadhi ya magari yake yenye rangi 040 na 070 kwa sababu hiyo. Ukiona paneli kama hiyo imeanza kunyanyuka, usiiwekee mashine.

Mteja atasema, "Fundi, nataka liwe kama jipya." Mjibu kwa vipande. "Mzee, boneti, milango na buti vitarudi. Mkwaruzo huu wa mlangoni utapungua, hautaisha. Nikiufuata hadi mwisho nitakumalizia rangi. Paa kliya imeshaondoka, pale ni kupiga rangi, na hiyo ni hesabu nyingine." Mwoneshe kwa tochi na umgusishe mkono kwenye mkwaruzo. Mteja aliyeelezwa hivi habishani na wewe jioni.

Kuosha kwa namna isiyoleta mikwaruzo mipya

Ile mistari myembamba inayozunguka kama utando wa buibui, inayoonekana jua likipiga kwenye gari jeusi, kwa sehemu kubwa imetengenezwa kwenye sehemu za kuoshea magari. Tambara moja limefuta ringi, likachovywa kwenye ndoo ileile, likapanda kwenye boneti likiwa limebeba mchanga na unga wa breki. Mchanga wa pwani ni mgumu kuliko kliya. Kazi ya siku nzima ya kupolishi huharibiwa na uoshaji mmoja wa aina hiyo, na kinachouma zaidi ni kwamba kijana anayeosha hana kosa, hakuna aliyemfundisha.

Anza kwa maji mengi bila kugusa. Mwaga kuanzia paani kushuka, hadi vumbi na tope viondoke vyenyewe. Tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuza glavu ya kuoshea kila baada ya paneli moja. Ringi na sehemu za chini ya milango ziwe na ndoo na kitambaa chao, na vitambaa hivyo visichanganywe kamwe na vya bodi, hata kwenye kufua. Sabuni iwe ya kuoshea magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta, na chembe zisizoyeyuka hukwaruza.

Maji yenyewe ni jambo la kuangalia. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na yakikaukia kwenye rangi yenye joto huacha madoa meupe ya mviringo ambayo baada ya wiki chache huwa yameshajichimbia. Osha kivulini, asubuhi au jioni, usiruhusu paneli ikauke yenyewe, na suuza mwisho kwa maji baridi ya bomba au ya mvua kama unayo. Madoa ambayo ni mapya hulainika kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Paka kwa kitambaa, subiri dakika moja, suuza vizuri.

Kinyesi cha kunguru na cha popo kisifutwe kikiwa kikavu. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika 10, kilainike, ndipo ukiinue. Jua likikikuta juu ya boneti mchana kutwa, kliya hulainika kwa joto na kinyesi huacha alama yenye kina. Alama hiyo pengine itapungua tu. Utomvu wa mwembe nao uondolewe mapema kwa spiriti kidogo, kisha pafutwe kwa maji.

Kausha kwa taulo nene la maikrofaiba, ukilikandamiza na kuliinua badala ya kuburuta. Fulana kuukuu yenye mishono haifai.

Gari likishakauka, vaa glavu nyembamba ya plastiki na upitishe vidole kwenye boneti. Utahisi vichenga ambavyo macho hayavioni: vumbi la chuma kutoka kwenye breki, saruji, rangi iliyorushwa na upepo kutoka gereji ya jirani. Vichenga hivi vikibaki, mashine itavizungusha juu ya rangi. Viondoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Lowesha paneli kwa maji yenye sabuni, pitisha udongo taratibu kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, ukunje mara kwa mara upate uso msafi. Kipande kikianguka chini, kitupe. Usijaribu kukiosha, mchanga umeshaingia ndani.

Jaribio la mraba mmoja

Kabla ya kuamua dawa na pedi, fanya jaribio. Chagua mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti, uzungushie tepu ya karatasi. Anza na dawa laini kuliko zote ulizonazo na pedi laini ya sponji. Piga, futa, kisha nyunyiza spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya spiriti kwa nne za maji, na ufute tena. Hatua hii ya spiriti usiiruke. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na gari hung'aa jioni, kisha baada ya kuoshwa mara mbili mistari yote inarudi. Spiriti huyaondoa mafuta hayo, ukaona ulichokifanya kweli.

Mulika kwa tochi. Kama robo tatu ya mistari imeondoka na rangi ina kina, umepata dawa yako. Gari zima litapigwa hivyo. Kama haitoshi, panda ngazi moja: pedi ngumu zaidi kwa dawa ileile. Bado haitoshi, ndipo uchukue kompaundi. Usikubali kuanza na kompaundi na pedi ya sufi kwa kuwa "gari limechoka". Polishi laini huondoa takribani maikroni moja; kompaundi kwa pedi ya sufi huweza kuondoa mara kadhaa ya hapo kwa pigo moja. Rangi za magari ya Japani nyingi ni laini, hasa nyeusi, na hurudi kwa dawa ndogo kuliko fundi anavyotarajia. Rangi za Ulaya, kama za Volkswagen na Mercedes-Benz, mara nyingi ni ngumu na hudai nguvu zaidi.

Tepu ndogo inayozunguka mraba ule ikitolewa, mstari wa mpaka hujitokeza wazi: ndani rangi imezama na inaakisi sura yako, nje ni ukungu wa kijivu. Mwite mwenye gari auone. Ni makubaliano ya kazi ambayo hayahitaji karatasi.

Mashine

Mashine ni za aina mbili. Ile inayozunguka kwa mhimili mmoja, iliyozoeleka gereji nyingi, ina kasi na nguvu, lakini hupandisha joto haraka na kwa mkono usiotulia huchoma rangi na kuacha mawimbi. Ile inayozunguka huku ikiyumba ni ya polepole na salama. Kwa anayejifunza, nashauri ya pili bila kusita. Muda unaopotea ni mdogo kuliko gharama ya paneli moja iliyochomwa. Ukitumia ya mhimili mmoja, usizidishe mizunguko 1500 kwa dakika.

Funika kwa tepu raba za vioo, plastiki nyeusi, nembo, na zaidi ya yote kingo: ukingo wa boneti, mstari uliochomoza kwenye mlango, pembe za madigadi. Rangi inapokuwa majimaji huvutwa mbali na kingo, ndiyo maana hapo ni nyembamba na ndipo inapotoboka kwanza. Mwisho wa kazi, ondoa tepu na upitie kingo hizo kwa mkono, mapigo machache tu.

Weka matone matatu au manne ya dawa kwenye pedi. Ipake juu ya eneo la nusu mita kwa nusu mita mashine ikiwa imezimwa, kisha uwashe kwa kasi ndogo, uongeze. Songa polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, hadi upitie eneo mara nne hadi sita. Pedi ilale bapa. Uzito wa mashine na mkono uliotulia unatosha. Weka kiganja kwenye paneli kila unapomaliza eneo: joto la vuguvugu ni sawa, lakini ukishindwa kukiacha kiganja pale, umepitiliza. Gari lililotoka juani lisubiri kivulini nusu saa au zaidi, kwani boneti nyeusi saa saba mchana ni ya moto hata kabla mashine haijaigusa.

Safisha pedi kila baada ya eneo kwa brashi ngumu, na ubadilishe pedi kila baada ya paneli mbili au tatu. Pedi iliyojaa dawa iliyokauka na rangi iliyokwanguliwa haifanyi kazi, hukwaruza. Ukitumia kompaundi, rudia gari lote kwa polishi laini, la sivyo ukungu wa alama za kompaundi utaonekana juani kesho yake.

Asiye na mashine asikate tamaa. Gari jekundu au jeupe lililopauka na lisilo na kliya hurudi vizuri kwa mkono, pedi ya sponji na polishi. Ni kazi ya jasho, paneli moja baada ya nyingine. Mistari ya utando haitaisha yote kwa mkono, lakini rangi itapata kina.

Mikwaruzo ya kina na msasa wa maji

Mkwaruzo ulio ndani ya kliya lakini unanasa ukucha kidogo unaweza kupunguzwa kwa msasa wa maji. Sikushauri ufanye hivi bila kipima unene. Loweka msasa namba 2000 au 2500 kwa dakika 15 kwenye maji yenye tone la sabuni, uuzungushie kibao kidogo cha raba, na upige taratibu kwa mwelekeo mmoja juu ya mkwaruzo tu. Angalia maji yanayotoka: meupe kama maziwa ni kliya. Yakipata rangi ya gari, simama. Umeshaifikia besi na paneli inahitaji rangi. Pima kila baada ya mapigo machache. Malizia na namba 3000, kisha kompaundi na polishi. Lengo ni kulainisha kingo za mkwaruzo zisishike mwanga. Mkwaruzo unaoonekana ukiwa umeinama tu, ukiwa umebaki na kliya ya kutosha, ni kazi nzuri kuliko mkwaruzo uliokwisha pamoja na kliya.

Uliofika kwenye praima au bati hujazwa. Nunua rangi kidogo iliyochanganywa kwa namba ya gari. Kama kuna kutu, ikwangue yote kwa ncha ya msasa hadi bati ling'ae, kwa sababu hewa ya chumvi huifanya kutu itambae chini ya rangi na kuinyanyua kutoka ndani. Futa kwa spiriti, paka praima ya kuzuia kutu kwa brashi nyembamba, kisha besi kwa tabaka jembamba mara mbili tatu ukisubiri kila moja likauke, kisha kliya. Tabaka jembamba mara nyingi ni bora kuliko tone moja nene linalovimba. Acha angalau siku moja, na kama una subira wiki moja, kabla ya kusawazisha kwa namba 2500.

Nta na kinga nyingine

Rangi iliyopolishiwa iko uchi. Ifunike siku ileile. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, huipa rangi nyekundu na nyeusi joto la kupendeza, lakini kwa jua letu usiitarajie ipite miezi miwili. Kinga za viwandani hukaa miezi minne hadi sita. Zile za keramiki hukaa mwaka au zaidi zikipakwa kwenye uso ulioandaliwa vizuri, ila hazizuii mikwaruzo kama wauzaji wanavyodai. Kwa teksi inayooshwa kila siku ningechagua kinga ya viwandani, irudiwe mara tatu kwa mwaka.

Kupaka mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae siku ya kuuzwa kuachwe. Vumbi hugandia, na mng'aro hudumu hadi mvua ya kwanza. Dawa ya meno, ambayo watu huambizana, ina chenga usizozijua ukubwa. Mafuta ya breki ndiyo hatari kuliko vyote. Huyeyusha rangi, kwa hiyo yakidondoka mwage maji mara moja.

Gereji inayopolishi na kupiga rangi mahali pamoja iwe makini na dawa za kung'arisha plastiki na matairi zenye silikoni. Tone dogo hewani likitua kwenye paneli iliyoandaliwa, rangi mpya hukimbia na kuacha vishimo, na paneli hukwanguliwa upya.

Afya ya fundi

Vaa barakoa ya vumbi na miwani unapotumia mashine, maana unga wa kompaundi hubaki hewani. Msasa kwenye rangi ya zamani uwe wa maji daima, kwa kuwa rangi za miaka mingi iliyopita huenda zina risasi, na vumbi lake halipaswi kuvutwa wala kupelekwa nyumbani kwenye nguo. Kliya ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ni jambo zito zaidi. Hadina ina aisosayaneti, kemikali inayojulikana kusababisha pumu kwa wapiga rangi, na mtu akishaipata, hata kiasi kidogo baadaye humbana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Anayepiga kliya ya aina hii anahitaji barakoa yenye hewa inayoletwa kwa bomba, na chumba kinachovuta hewa nje. Asiye na vifaa hivyo ampelekee kazi hiyo aliye navyo. Vijana wanaojifunza wasisimame karibu wakitazama.

Bei na makabidhiano

Panga bei kwa hali ya paneli na saa utakazotumia. Bei moja kwa kila gari humlazimisha fundi kukimbia kwenye gari lililochoka, na hapo ndipo kompaundi kali hutumika mahali ambapo polishi laini ingetosha kama ingepewa muda zaidi. Gari dogo linalohitaji hatua moja ya polishi, kuanzia kuosha hadi nta, hula siku nzima ya mtu mmoja. Hatua mbili ni siku mbili. Sema hivyo tangu mwanzo, na usichukue magari mawili kwa wakati mmoja.

Kabidhi gari mchana, nje kwenye jua, kwa sababu jua halifichi kitu. Mwelekeze mwenye gari namna ya kuosha: ndoo mbili, glavu safi, kitambaa cha ringi mbali na cha bodi. Kama analioshesha kwa kijana wa mtaani, amwachie glavu na taulo lake mwenyewe kwenye buti, amwombe avitumie. Kisha mwandikie kikaratasi cha kuweka pamoja na kadi ya gari: tarehe, unene wa kila paneli kabla na baada, dawa na pedi zilizotumika, na paneli zipi zisiguswe tena kwa kompaundi.